Viti vitupu kibao, halafu wanatangaza watu elfu hamsini?

Mhariri habari za kazi. Naomba unitoe ushamba, hizi namba za mashabiki wanazotangaza klabu huwa zinatoka wapi? Naangalia mechi kwenye tivii, jukwaa la upande wa pili viti vinaonekana mpaka rangi yake, afu kipindi cha pili mtangazaji wa uwanjani anasema wapo elfu hamsini na ushee. Wanatuona hatuna macho au? – Msomaji, mpenzi wa ligi ya Uingereza

Macho yako mazima ndugu yangu, na klabu nayo kwa hesabu yake haijadanganya. Wewe unahesabu watu, wao wanahesabu tiketi. Kwa klabu nyingi za Uingereza, namba inayosomwa pale ni tiketi zilizotoka, yaani zilizouzwa kwa mechi hiyo, jumlisha tiketi zote za msimu (zile unazolipia mara moja kwa mechi za nyumbani za ligi), jumlisha na zile za bure za mwaliko. Sasa mwenye tiketi ya msimu alishalipa kabla ligi haijaanza, kwahiyo akiumwa, akisafiri, akimchukia kocha akaamua kulala zake, kwenye karatasi yupo kiti chake kilekile na anashangilia.

Chukua Arsenal na Manchester City tarehe 1 Machi 2018. Usiku wa theluji, baridi la kufa mtu, na siku chache nyuma City hao hao walikuwa wamewapiga Arsenal 3-0 kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Wakapigwa tena 3-0, majukwaa yana mapengo ambayo hata kamera ilishindwa kuyakwepa, na bado namba iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya 58,000 kwenye uwanja wa watu kama elfu 60. Ndo hivyo, tiketi zilinunuliwa, watu hawakuja.

Kesi iliyoleta makelele zaidi ni ya West Ham msimu wa 2017/18. BBC waliomba takwimu kwa halmashauri ya eneo lenye ule uwanja, zikaja: wastani wa waliopita getini ulikuwa kama 42,700 wakati klabu ilitangaza 55,000 na ushee. Tofauti ya zaidi ya watu 12,000 kila mechi, huo ni uwanja mwingine mzima wa timu ndogo! Ila usiwacheke West Ham peke yao, pengo la aina hiyo lipo kwa wengi, wao lilionekana kubwa tu.

Na hapa ndo pananiuma mimi, maana namba ya kweli ipo na inajulikana muda huohuo. Ukiskani kadi au simu yako getini, mashine inafungua na papo hapo chumba cha usalama wanaona mtu mmoja kaongezeka, tena wanaona kaingia jukwaa lipi, na jukwaa likikaribia kikomo chake geti linafungwa. Hilo sio pambo. Mwaka 1971 watu 66 walikufa kwa kukanyagana na kubanwa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox kule Glasgow, na sheria ya 1975 iliyofuata ikalazimisha viwanja vikubwa viwe na cheti kinachosema mwisho watu wangapi. Kwahiyo polisi na watu wa usalama wanafanya kazi na namba ya getini, wewe na mimi tunapewa ya tiketi.

Kwanini? Hela bana. Mdhamini anayeweka bango pembeni ya uwanja anapenda kusikia umejaa, na tiketi ikishalipwa klabu haina hasara kubwa mtu asipokuja, labda ile soda na mkate wa mapumziko. Zamani mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kwenye ligi ya Uingereza mwenyeji alikuwa anamgawia mgeni sehemu ya mapato ya getini, utaratibu uliokufa 1983, na kuna kipindi mpaka serikali ilikuwa na kodi yake kwenye kila tiketi. Kwa hali hiyo nani angependa kutangaza watu wengi? Namba ndogo ndo ilikuwa na faida. Mechi za Kombe la FA mpaka leo mapato ya mlangoni yanagawanywa, na kwa klabu nyingi tiketi ya msimu haiingizi mechi hizo, ndo maana unaona namba zake zinashuka ghafla na zinafanana zaidi na unachokiona kwenye tivii.

Ukitaka kuwagundua mwenyewe, angalia namba isiyotikisika. Bayern München wanatangaza 75,000 kila mechi ya ligi, mvua jua. Watu 75,000 wote wawe hawaumwi mafua kila wiki? Hapo ujue unasomewa mauzo.

Waandishi, polisi na wachezaji nao wanahesabiwa? – Msomaji wa kike, nauliza tu

Hapana dada, hao wanapita milango mingine na vitambulisho vyao. Ila mtoto aliyepewa tiketi hata kama ni ya bure, yumo.

Tumebishana kijiweni hapa, eti kuna mechi ilitazamwa na watu 13 tu Old Trafford. Ni kweli au ni story za mtandaoni? – Wabishi watatu

Nusu nusu. Tarehe 7 Mei 1921 Stockport County walikuwa wamefungiwa uwanja wao, wakaenda kucheza na Leicester City pale Old Trafford, daraja la pili. Waliolipa kuingia ni 13 na ndo namba iliyoandikwa. Lakini siku hiyohiyo Manchester United walikuwa wametoka kucheza na Derby County palepale, na mashabiki kibao hawakutoka, wakakaa tu kuangalia mechi ya pili bure. Wanaokadiria wanasema walikuwa kati ya elfu moja na mbili.

Na ipo ya upande wa pili pia. Fainali ya Kombe la FA ya 1923 Wembley, Bolton na West Ham, namba rasmi ni 126,047, ila watu waliruka kuta na mageti yakazidiwa mpaka polisi wa farasi wakaingia kusafisha uwanja ndo mpira uanze, na makadirio yanafika laki mbili, wengine wanapitisha hapo. Uwanja wa Maracanã kule Brazil, Kombe la Dunia 1950, Brazil na Uruguay, waliolipa 173,850, waliokuwemo ndani inasemwa walikaribia laki mbili. Kwahiyo mkianza kubishana rekodi ya dunia ni ipi, kwanza mkubaliane mnahesabu waliolipa au waliokuwemo, la sivyo mtakesha.