Jibu: Kipimo kinapanda chini ya bomba la maji ya paa

Habari ndugu. Umeeleza kwamba kipima mionzi chako kinaonyesha maikrosiveti (kizio cha kupimia mionzi inayoupata mwili) 0.10 kwa saa katikati ya uwanja wa nyumba yenu huko Koriyama, mji wa mkoa wa Fukushima nchini Japani, lakini kinapanda hadi 0.60 ukikilaza ardhini chini ya bomba linaloshusha maji ya paa, na unauliza kama watoto wanaweza kuendelea kucheza hapo.

Kwanza angalia urefu unaopimia. Kiwango cha 0.23 kilichotumiwa na serikali ya Japani kupanga usafishaji baada ya ajali ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi ya mwaka 2011 hupimwa mita 1 juu ya ardhi, kwa hiyo namba ya ardhini hailinganishwi nacho moja kwa moja. Kisha subiri kifaa kitulie. Mimi huandika namba tano, dakika moja moja, ndipo natafuta wastani.

Mvua ilikusanya sesiamu, dutu yenye mionzi iliyosambaa kutokana na ajali hiyo, kutoka paani na kuishusha pale, nayo hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi. Kwetu doa lenyewe lilikuwa na upana wa sinia. Nilipopiga hatua mbili pembeni, namba ilishuka. Kungoja hakusaidii sana, kwani sesiamu-137, aina ya sesiamu inayodumu zaidi hapo, huchukua takriban miaka 30 kupungua nusu.

Tafadhali usiufagie udongo huo ukiwa mkavu. Zungushia kamba, ijulishe ofisi ya manispaa ukiwa na vipimo vyako vya ardhini na vya mita 1, na watoto wanawe mikono wakitoka nje. Kwa namba ulizotoa, mimi nisingewanyima sehemu iliyobaki ya uwanja.