Akina Mertens ni wengi na sio ndugu

Wahariri, wiki hii mmeuliza ni jina gani la ukoo la nchi ya mbali tunalikubali, nani kalibeba, na je wanaolibeba ni ndugu. Mimi nasema Mertens, la Flanders, kule Ubelgiji wanakoongea Kiholanzi. Na ndugu sio.

Sisi huku pwani mtu ni Juma Hamisi Juma, jina la baba na la babu, kila kizazi linasogea mbele. Na wao zamani ilikuwa hivyo hivyo, mtoto wa Merten (yaani Martini) anaitwa Mertens, sasa hebu fikiria vijiji vingapi vilikuwa na mzee Merten, kila kimoja kikatoa akina Mertens wake. Taratibu majina yakaanza kurithiwa, halafu Wafaransa walipoichukua nchi mwaka 1795 wakaja na sheria zao za kuandikisha vizazi na vifo, basi jina likagandishwa, kulibadilisha ikawa mpaka serikali ikubali.

Ndo maana Dries Mertens wa mpira na Elise Mertens wa tenisi wote wamezaliwa mji wa Leuven, Dries 1987 na Elise 1995, na bado hawana undugu. Hili vibanda umiza linabishaniwa mpaka mpira unaisha.

Dries wengi mnamjua. Mita 1.69 tu, klabu ya Gent ya kwao walimwacha akiwa kijana wakaona mdogo mno. Akafika Napoli ya Italia 2013 kama winga, mwaka 2016 straika wao Milik akaumia goti, kocha Sarri akamsogeza katikati awe straika, msimu ule akafunga mabao 28 ya ligi! Mimi bao lake ninalolipenda ni la Juni 2020, nusu fainali ya Kombe la Italia na Inter, uwanja mtupu sababu ya korona. Inter wanapiga kona, kipa wetu Ospina anaupeleka mbele haraka kwa Insigne, Insigne anakimbia nao anamwekea Dries, kitu ndani. Lilikuwa bao lake la 122 Napoli, hapo akampita Hamšík aliyekuwa anaongoza kwa mabao ya klabu, Maradona na 115 zake alishapitwa, na alipoondoka 2022 alikuwa na 148. Watu wa Naples walishampa jina lao, Ciro, na mtoto wake alipozaliwa mwaka huo huo akamwita Ciro.

Kuna Gregory Mertens pia, beki wa klabu ya Lokeren ya Ubelgiji, alianguka uwanjani Aprili 2015 moyo ukiwa umesimama kwenye mechi ya timu ya akiba, siku tatu baadaye akafariki, miaka 24. Huyu hatajwi kabisa na inaniuma sana.

Nje ya michezo yupo Wim Mertens, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Neerpelt 1953, anapiga piano huku anaimba kwa sauti nyembamba ya juu kwa maneno aliyoyabuni mwenyewe, hayapo kwenye lugha yoyote, na bado unasikiliza mpaka mwisho.

Ila ninayetaka mumuweke gazetini ni Elise. Watu wanamtaja kama "yule mdogo wake Dries", wakati tenisi ya wawili wawili amefika namba moja duniani. Angalieni hii ya Wimbledon: 2021 fainali anacheza na Hsieh Su-wei, upande wa pili yupo Veronika Kudermetova na Vesnina, akina Elise wanaokoa pointi za kupoteza mechi, wanashinda seti ya mwisho 9-7. Miaka minne baadaye, 2025, fainali tena hapo hapo, safari hii anacheza na huyo huyo Kudermetova dhidi ya Hsieh na Ostapenko, wanapoteza seti ya kwanza, wanageuza, kombe lake tena. Kabadilishana mwenzake na mpinzani na kashinda mara zote mbili, na hilo Dries hahusiki nalo hata kidogo, kwa hiyo watangazaji wetu tafadhali, mtajeni Elise kwa kazi yake.