Mlango wa nakshi kwa vitofali: anza na ua moja

Dadangu, umeuliza kama yafaa kuunda milango ya nakshi ya Mji wa Kale kwa vitofali vya Lego, vile vya plastiki vya kuchezea, uwauzie wageni, na kama utie gundi.

Yafaa, ila piga hesabu kwanza. Kinundu, kile kitufe cha juu ya kitofali kinachoshika kingine, hadi kinundu ni milimita 8. Picha ya ukutani ya sentimita 40 kwa 40 itakula vipande 2,500 vya kinundu kimoja! Kwa bei ya dukani, faida utaiota tu. Tafuta vya mtumba, na uzee wake usikutie hofu: vya mwaka 1958 vyashikana na vya leo.

Nakshi ina maua ya duara, na kitofali ni pembe tupu. Chora kwanza kwenye karatasi ya miraba. Kisha ulaze vile vipande vyembamba kwa ubavu. Vitatu vikipandana ni kimo cha kitofali kimoja, hivyo ngazi zake ni ndogo na petali hupata mkunjo. Kahawia mbili, nyeusi kidogo pale kivuli kinapoingia, basi. Anza na ua moja, usianze na mlango mzima.

Gundi tia, mzigo wa kusafiri lazima ushikane. Nathan Sawaya wa Marekani, aliyeacha uwakili akawa msanii wa vitofali, naye hugundisha. Iliyovuja usiifute kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni. Mimi nilifuta, ua likayeyuka kama jibini.

Jina Lego ni alama ya kampuni ya Denmark, kwa hivyo duka lako lipe jina jingine.