Roboti ina uhakika kiasi gani na ilichokiona?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma shahada ya uzamili, na roboti yetu inaokota vikombe mezani. Nina modeli mbili za utambuzi wa vitu. Ya kwanza ina mAP (wastani wa usahihi wa utambuzi, kipimo cha kawaida) kubwa zaidi. Ya pili iko nyuma kidogo, lakini kila kisanduku inachochora inakipa na kiasi cha shaka. Nilipozipima kwa PDQ, kipimo cha ubora wa utambuzi kinachozingatia pia shaka hiyo, ya pili ikaongoza, ila alama zake zenyewe ni ndogo mno hadi nikahisi nimekosea hesabu. Nifuate kipimo kipi?

JIBU: Marahaba. Kwa roboti yenye mkono, fuata PDQ. Na hizo alama ndogo huenda hesabu yake ni sahihi kabisa.

Chukua kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe, taa ikiwa kushoto. Ukingo wa kushoto unaonekana vizuri. Wa kulia umezama kivulini. Modeli yako ya kwanza inachora mistari minne kana kwamba yote ina uhakika sawa. Mkono utajuaje kwamba upande wa kulia umekisiwa? Nimeona kikombe kikipigwa kumbo hivyo hivyo, na mAP ya modeli ile ilikuwa nzuri tu. Ya pili inaieleza kona ya juu kushoto na ya chini kulia kwa mgawanyo wa Gauss (ule wenye umbo la kengele), kila moja na mtawanyiko wake, kwa hiyo shaka inakaa pale ilipo.

mAP haiulizi habari hiyo. Inatazama kama kisanduku kimelingana na kitu kwa kiwango fulani cha kufunikana (kwa mtindo wa COCO, seti maarufu ya picha za kupimia modeli, 0.5 hadi 0.95), kisha inapanga majibu kwa alama za uhakika ambazo modeli imeyapa. Visanduku vya uongo, yaani vilivyochorwa pasipo kitu, vyenye alama ndogo vinaangukia mkiani mwa orodha na haviumizi sana.

PDQ, iliyopendekezwa mwaka 2018 na David Hall na wenzake huko Australia, inavihesabu vyote. Kwa kila kitu kilichooanishwa na jibu lake, inachukua ubora wa lebo, yaani uwezekano uliopewa jina sahihi, na ubora wa mahali, unaopimwa pikseli kwa pikseli. Kisha inavizidisha na kutafuta kipeuo cha pili. Lebo ikiwa 0.64 na mahali 0.81, unapata 0.72. Mwisho inajumlisha na kugawa kwa idadi ya jozi, vilivyokosekana na vya uongo.

Sasa tazama alama zako. Tuseme picha ina vikombe vitatu: viwili vimepatikana kwa 0.72 na 0.50, kimoja kimekosekana, na kuna kisanduku kimoja cha uongo. 1.22 kwa 4 ni 0.305. Vikibaki visanduku 20 zaidi vya uongo, hata vya alama ndogo kabisa, kigawanyo kinakuwa 24 na unabaki na 0.05. Nadhani ndipo ulipo. Weka kizingiti cha alama kabla ya kupima, na ukichague kwa data ya uhakiki, kamwe si ya mtihani. Nakusihi hapo, maana vishawishi ni vingi.

Jambo jingine linalonisumbua zaidi: unaweza kupandisha PDQ kwa kuvipa visanduku vyote mtawanyiko uleule. Alama zitapanda kwa sababu uhakika kamili mahali pasipo kitu unaadhibiwa vikali, lakini modeli haitakuwa imejifunza lolote kuhusu kivuli. Kwa hiyo ripoti ubora wa lebo na wa mahali kando kando, pamoja na idadi ya vya uongo, na mAP ibaki kwenye jedwali ili wengine walinganishe.

Halafu chukua picha kama 50, uchore ule mtawanyiko juu ya kila kikombe, ukae uzitazame moja moja. Kingo pana ziwe zile ambazo hata wewe, kwa macho yako, unasita kuzichora.