Waya Mwembamba Nyuma ya Breka Kubwa

Nyumba nyingi ninazoitwa, iwe Tabata au Mbagala, balaa halipo kwenye nyaya zilizotandazwa wakati wa ujenzi. Lipo kwenye nyongeza. Mwenye nyumba kahamia, baadaye anataka taa ya getini. Fundi wa jirani anafungua soketi ya sebuleni, anatoa tawi kwa waya wa 1.5 (yaani unene wa milimita za mraba 1.5), anaupitisha darini mpaka nje. Taa inawaka, watu wanalipana, wanaagana. Kule kwenye boksi la breka, zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi, soketi ile iko chini ya breka ya ampea 32.

Breka hiyo haipo kwa ajili ya taa wala friji. Ipo kwa ajili ya waya. Kwa hiyo ukubwa wake hufuata waya mwembamba kuliko wote inaoulisha, labda kama pale wembamba unapoanzia pamewekwa fyuzi yake. Waya wa shaba wa 1.5 ndani ya paipu ukutani hubeba kama ampea 17. Upitishe darini chini ya bati, joto lifike nyuzi 45, unabaki na 14 hivi. Wa 2.5 hushuka kutoka 24 hadi 19. Ndiyo maana taa nazipa breka ya 6 au 10, na soketi za 2.5 nazipa 16, hata mteja akinuna. Breka ya 32 kwa waya wa 2.5 inakubalika kama waya umezunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Wengi wanasema umezunguka. Nikipima, naukuta umeishia chumba cha watoto.

Fundi mwenzangu atasema: "Taa yenyewe wati 10, mzigo utazidi vipi?" Hapo kasema kweli. Taa hiyo haifikishi hata nusu ya sehemu ya kumi ya ampea moja. Ila mzigo kuzidi ni jambo moja, shoti, yaani nyaya kugusana, ni jingine, na shoti haiulizi taa ni ya wati ngapi.

Tuchukue mfano. Getini ni mita 20 kutoka kwenye soketi. Shaba ya 1.5 ina ukinzani wa omu 0.0121 kwa kila mita. Kwenda na kurudi mita 40 ni kama 0.48. Tuseme njia ya umeme kutoka transfoma hadi kwenye soketi ina 0.5 nyingine. Gawa volti 230 kwa 0.98: shoti ya getini inavuta kama ampea 235. Ni nyingi, lakini breka ya 32 aina ya C inaweza kusubiri hadi ifike 320 ndipo ikate papo hapo. Chini ya hapo inategemea kile kibati chake cha ndani kipate joto, na hilo linaweza kupita sekunde moja. Waya wa 1.5 wenye ganda la PVC, kwa ampea 235, unamaliza uvumilivu wake kwa nusu sekunde; shaba imeshafika nyuzi 160. Breka itakata, ndiyo, lakini ganda la waya limeshaungua juu ya mbao za dari.

Dawa yake ni ndogo: kile kiboksi cha ukutani chenye swichi na kidroo cha fyuzi, kifungwe palepale tawi linapotokea, ndani yake fyuzi ya ampea 3. Fyuzi hiyo hukata mapema mno kabla waya haujaumia, na inamzuia pia atakayekuja kesho. Maana atakuja. Mbele ya nyumba itajengwa fremu, fremu itapangishwa saluni, na draya ya wati 1800 itachomekwa kwenye soketi iliyofungwa kwenye waya wa taa ya geti. Fyuzi ikiungua hapo, msiizungushie karatasi ya sigara. Saluni ivutiwe waya wake kutoka kwenye boksi, na breka yake.

Hali ni hiyohiyo kwa ekstensheni. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani inayolinda kamba yake. Ile ya miguu miwili, mnayoifungulia tundu kwa kalamu, haina. Kamba ya 0.75, ya kubeba ampea 6, ikiwa na birika la wati 2000 na pasi ya 1000, inabebeshwa 13, na breka ya 32 haioni kosa lolote. Ishike baada ya robo saa, utaelewa.

Mkienda Kariakoo kununua waya, kwangueni ncha kwa kisu. Ukiwa mweupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hesabu zote hapo juu hazihusiki nao. Waya wa 1.5 wa uzi mmoja una upana wa milimita 1.38, wa 2.5 una 1.78, mwenye duka akikukataza kupima, nenda duka la pili.

Na breka ikikata kila mara, mama mwenye nyumba huniambia, "Fundi, si uweke kubwa tu?" Kabla sijajibu nafungua boksi, nauangalia waya unaotoka chini ya breka, kisha naufuata mpaka pale unapobadilika unene. Kama fundi wako anabadilisha breka bila kufanya hivyo, mwambie airudishe ya zamani.