Je, visima vya mvuke vya Menengai vinaweza kuamsha volkeno?

SWALI: Mhandisi, natumai hujambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Kiamunyi, chini ya Menengai. Kijana wangu wa sekondari amekuja na habari kwamba wanaochimba mvuke ndani ya kreta walichimba hadi wakaugusa moto wenyewe wa mlima. Mara nyingine tunasikia harufu kama ya mayai yaliyooza. Mimi na mzee tumekuwa tukipanga kununua ploti huku huku. Je, visima hivyo haviwezi kuulipua mlima? Ploti tununue, au tutafute kwingine?

JIBU: Sijambo mama, na pole kwa wasiwasi. Kijana wako hakudanganywa. Uchimbaji wa Menengai ulianza mwaka wa 2011 chini ya GDC, kampuni ya serikali inayoshughulikia jotoardhi, na visima kadhaa vilipofika kina cha kilomita 2 na ushee vilikutana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Ni jambo la nadra sana duniani. Liliwahi kutokea Hawaii mwaka wa 2005 na Krafla, Iceland, mwaka wa 2009. Wataalamu wameliandika na kulijadili kwa miaka mingi, lakini kwa Kiingereza na wao kwa wao. Naona watu wa Nakuru walistahili kuelezwa mapema, kwa sababu wao ndio wanaolala karibu nayo.

Sasa, walijuaje kuwa wameigusa? Hakuna aliyeuona moto. Mtambo ukichimba, maji husukumwa chini kupitia bomba la kuchimbia, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba vipande vya mwamba. Mwanajiolojia wa zamu huvichota kila baada ya mita chache, akaviosha kwenye chujio na kuvitazama kwa hadubini. Siku nyingi ni chembe za kijivu au kijani. Siku ya magma mtambo huanza kulemewa, bomba hukataa kuzunguka, na mara nyingine hunasa kabisa. Kwenye chujio hutokea chembe nyeusi zinazong'aa, zenye ncha kali. Hicho ni kioo. Magma ikipoa polepole hufanya fuwele, lakini ikipoa ghafla hugeuka kioo.

Jibu la swali lako limo katika chembe hizo, mama. Magma ilipokutana na maji baridi ya kisima iliganda papo hapo. Kisima kwenye kina kile kina upana wa sentimita 22 hivi. Magma ya Menengai nayo ni nzito, ni ugali wala si uji, na haipandi kirahisi kilomita 2 kwenye tundu jembamba lililojaa maji yanayoikandamiza kwa uzito wao. Zaidi ya hayo, kisima huvalishwa mabomba ya chuma yaliyozungushiwa saruji, na mdomoni mwake huwekwa vali kubwa za kukifunga.

Mlima hulipuka kwa nguvu za namna nyingine kabisa. Magma mpya hupanda kutoka chini zaidi, gesi iliyoyeyuka ndani yake hutanuka, shinikizo huzidi uwezo wa mwamba ulioko juu, na ardhi hupasuka. Milipuko iliyoifanya Menengai iwe shimo kubwa hivi ilitokea maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya mtu yeyote kuwazia mtambo. Siku moja mlima unaweza kuamka tena, maana uko katika Bonde la Ufa na bado uko hai. Ila hautaamka kwa sababu ya tundu la sentimita 22.

Sitakuficha lolote. Lava, yaani magma iliyofika juu ya ardhi, imewahi kutoka kwenye kisima. Ilikuwa Septemba 1977, kaskazini mwa Iceland, wakati volkeno ya Krafla ilikuwa tayari inalipuka na ardhi yote ya pale inapasuka. Zilitoka kama tani 3, kazi ya dakika chache, kisha basi. Hata hapo kisima hakikuuamsha mlima. Ni mlima ulioamka ukapata upenyo.

Kuhusu matetemeko, mradi wa jotoardhi wa Basel, Uswisi, ulisimamishwa baada ya kusababisha tetemeko la kipimo cha 3.4 mwaka wa 2006. Kule walikuwa wakisukuma maji kwa nguvu nyingi ili kuupasua mwamba mgumu usio na nyufa. Mwamba wa Menengai una nyufa zake za asili na mvuke umo tayari, kwa hiyo hakuna haja ya kuupasua hivyo. Maji yanayorudishwa chini baada ya kutumika bado yanahitaji kufuatiliwa kwa vipima-mitetemo, na wakazi mna haki ya kuuliza vipimo hivyo vinasema nini.

Sasa hiyo harufu. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayopanda na mvuke. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno, kwa hiyo kuisikia ukiwa Kiamunyi, mbali na visima, si dalili ya sumu. Hatari yake iko karibu na kisima na kwenye mabonde ya ndani ya kreta, kwa sababu ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni hudhoofisha pua, na mtu anaweza kudhani imeisha kumbe imezidi. Ndiyo maana wafanyakazi huvaa vifaa vya kuipima. Ikiwa vijana wenu huchunga mifugo mle ndani, waambieni wasilale kwenye mashimo wala kusogelea mahali panapofuka mvuke.

Ploti nunueni mkiipenda, lakini kabla ya kulipa fanyeni jambo moja. Nakuru ina nyufa za ardhini zilizofunikwa na udongo wa majivu ya volkeno. Mvua kubwa ikinyesha, maji huusomba udongo huo kupitia nyufa, na mtaro mrefu hufunguka ghafla, wakati mwingine kupitia katikati ya shamba au chini ya nyumba. Waulizeni wazee wa hapo kama ardhi imewahi kutitia msimu wa masika, na mtafuteni mwanajiolojia aikague kabla hamjachimba msingi. Ploti ikiwa kwenye mstari wa ufa, iacheni, hata muuzaji akipunguza bei.