Grafu inasogea, wanafunzi hawaelewi: nifanyeje na GeoGebra?

Swali: Nafundisha hisabati Kidato cha Tatu. Shule ina kompyuta moja na projekta, na mtandao ni wa kubahatisha. Niliwaonyesha wanafunzi grafu ya y = ax² + bx + c kwenye programu ya GeoGebra nikiburuta slaida (vitelezi vya kubadili thamani) za a, b na c. Darasa lilichangamka sana. Lakini kwenye jaribio wengi walieleza c, wachache a, na kazi ya b hakuna aliyeijua. Nakosea wapi?

Jibu: Pole na kazi, mwalimu. Programu haina shida, tatizo liko kwenye mpangilio wa somo. Ukiburuta slaida tatu harakaharaka, wanafunzi wanaona grafu ikicheza, ila hawapati nafasi ya kukisia kitu. Na asiyekisia hawezi kushangaa akiona jibu.

Rudi darasani na b peke yake. Andika f(x) = a*x^2 + b*x + c, na usiache nyota za kuzidisha, maana herufi zikishikana programu inaweza kudhani ni jina moja. Slaida zitajitokeza zenyewe, kutoka -5 hadi 5. Weka a iwe 1, c iwe 2, b iwe 0, kisha uache kipanya. Kila mwanafunzi achore daftarini anachodhani kitatokea b ikipanda hadi 4. Wengi watachora grafu ikienda kulia. Waache wabishane na majirani zao kwanza, ndipo uburute. Grafu itakwenda kushoto huku ikishuka, na ncha yake itatoka (0, 2) hadi (-2, -2). Swali la "kwa nini?" litatoka kwao.

Sasa andika V = (-b/(2*a), f(-b/(2*a))), yaani ile ncha ya grafu, halafu amri Locus(V, b), inayochora njia ambayo V inapita b ikibadilika. Itatokea parabola ya pili iliyofudikizwa, na V inatembea juu yake. Usiwaambie mlinganyo wake, wautafute wao. Ni y = 2 - x², na wakibadilisha c wataona inapanda na kushuka nayo.

Kisha ongeza g(x) = b*x + c. Hapa ndipo b inapojieleza, na kwangu hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote. Kila ukiburuta b, mstari huu unainama pamoja na grafu na kuigusa mahali pamoja tu, pale inapokata mhimili wa y. Sababu ni nyepesi: toa g kwenye f, kinabaki ax², ambacho ni sifuri x ikiwa sifuri tu. Kwa hiyo b ni mteremko wa grafu ikipita kwenye mhimili wa y. Mteremko wa mstari wanaujua tayari, huhitaji kugusa kalkulasi.

GeoGebra ilianza mwaka 2001 kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, na shabaha ilikuwa kuunganisha jiometri na aljebra. Ndiyo maana nasisitiza usifiche ile sehemu ya milinganyo ili picha iwe kubwa. Wanafunzi waone namba zikibadilika pamoja na mchoro. Baadaye wachore grafu mbili kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, kwa sababu kwenye mtihani hakuna slaida.

Kuhusu mtandao, pakua GeoGebra uiweke kwenye kompyuta, itafanya kazi bila intaneti. Somo ukishalitengeneza, lihifadhi kwenye flashi au mtumie mwenzako kwa WhatsApp. Michezo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nayo hupakuliwa moja moja na kufunguliwa kwenye kivinjari bila bando, na upo mmoja wa grafu za kwadratiki. Desmos, programu nyingine ya grafu ya mtandaoni, ni nzuri, ila shughuli zake za darasa zinataka wanafunzi wawe na vifaa na mtandao, kwa hiyo kwako iache kwanza.

Kabla ya kuwasha projekta, hakikisha kipimo cha mihimili miwili ni 1:1. Ukivuta mhimili mmoja tu, duara litaonekana kama yai na mistari inayokutana kwa pembe mraba inaweza kuonekana haikutani hivyo, na wanafunzi watanakili hivyohivyo.